Kwa Nini Kompyuta Ndogo Hulemewa na Mchezo

Kompyuta ya kupakata ya bei nafuu ni chombo cha ajabu, kwani huweza kuwa hodari asubuhi na dhaifu jioni. Asubuhi, katika ofisi ya walimu, hupanga alama za wanafunzi mia sita, hukokotoa wastani wa kila mkondo na kutoa ripoti bila kuguna. Jioni kijana wa kidato cha tatu huifungua kompyuta ile ile na kuanzisha mchezo wa kandanda wenye uwanja, nyasi, vivuli na watazamaji majukwaani, na hapo mambo huharibika. Mshambuliaji anyanyua mguu, picha inaganda, picha inaporejea, mpira umekwisha kupotea na goli limekwisha kuingia. Feni hulia, na upande wa chini wa kompyuta hupata moto kama pasi ya mkaa.

Jambo kama hilo likitokea, maelezo huwa mengi. Mmoja husema kompyuta imeingiwa na virusi. Mwingine husema imechoka. Wa tatu, ambaye aghalabu ana duka, husema yahitaji programu ya kuiongezea kasi, nayo anayo, na bei yake si kubwa. Maelezo hayo yangekuwa porojo tu kama yasingegharimu fedha. Lakini kompyuta hununuliwa kwa mauzo ya mazao, au kwa mkopo wa chama cha akiba, au kwa fedha ambazo zingelipa karo, na mzazi anayeambiwa kwamba chombo alichokinunua mwaka jana kimekwisha kufa huweza kukitupa na kununua kingine chenye udhaifu ule ule. Kwa hiyo yafaa swali liulizwe kwa utaratibu: ni kazi gani hasa ambayo mchezo huiagiza kompyuta, na kazi hiyo hukwama wapi?

Kioo cha kompyuta nyingi za bei ya chini kina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Tukizidisha tunapata nukta 1,049,088, na kila nukta ina rangi yake. Ripoti ya alama ikisha kuonyeshwa juu ya kioo hutulia. Mwalimu akibadilisha tarakimu moja, ni nukta chache tu zinazobadilika. Mchezo hauna utulivu huo. Kamera ya mchezo ikigeuka kidogo tu, karibu kila nukta hupata rangi mpya, na ili macho yaone mwendo laini, picha nzima sharti ichorwe upya mara 60 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila picha imepewa milisekunde 16.7 tu. Anayeridhika na picha 30 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde 33.3, na wachezaji wengi huona kwamba chini ya hapo mchezo hauchezeki.

Huenda mwanafunzi makini akauliza mbona filamu za sinema huonyeshwa kwa picha 24 tu kwa sekunde na hakuna anayelalamika. Sababu ni mbili. Kamera ya sinema huliacha pazia lake wazi kwa muda katika kila picha, hivyo mkono unaokwenda kasi huacha ukungu, na ukungu huo huyasaidia macho kuunganisha picha moja na inayofuata. Picha ya mchezo, kwa kawaida, ni ya kitambo kimoja kisicho na upana. Zaidi ya hayo, mtazamaji wa sinema hashiki chochote. Mchezaji ameshika kitufe, na kuchelewa kwa picha ni kuchelewa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa picha huchorwaje? Uwanja, wachezaji na mpira huhifadhiwa katika kompyuta kama mkusanyiko wa pembetatu, maelfu kwa maelfu, kila moja ikijulikana kwa pembe zake tatu katika nafasi ya pande tatu. Kwa kila picha kompyuta hukokotoa kila pembe itaangukia wapi juu ya kioo, kazi ambayo ni kuzidisha matriki, hesabu ile ile inayofundishwa darasani. Kisha, kwa kila nukta iliyomo ndani ya pembetatu, hukokotoa rangi: mwanga watoka upande gani, kivuli cha jukwaa kimefika wapi, nyasi hapa zina kijani cha namna gani. Mara nyingi nukta moja hupakwa rangi zaidi ya mara moja, kwa sababu nyasi zilizochorwa kwanza hufunikwa baadaye na kiatu cha mchezaji. Kazi iliyofanywa kwa nyasi hizo imepotea bure.

Tabia moja ya kazi hii ndiyo iliyozaa chombo maalumu cha kuifanya. Rangi ya nukta moja haitegemei rangi ya jirani yake. Prosesa kuu ya kompyuta ni kama fundi mmoja hodari, au mafundi wawili au wanne, wanaoweza kufanya kazi yoyote ngumu kwa mfuatano, wakiamua hapa na kughairi pale. Lakini kupalilia shamba la ekari mia hakuhitaji fundi wa namna hiyo. Kwahitaji vibarua wengi, kila mmoja na tuta lake, wote wakipiga jembe kwa pamoja. Chombo cha michoro ni kikosi cha vibarua. Kila kibarua peke yake ni mpole na hajui mengi, ila wingi wao ndio nguvu yao.

Hapo mwanzo kikosi hicho kilikuwa na nyumba yake. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo iliyochomekwa ndani ya kompyuta kwa ajili ya michezo, na mwaka 1999 NVIDIA ikatoa GeForce 256, iliyozichukua pia hesabu za pembe za pembetatu kutoka kwa prosesa kuu. Kadi hizo zilikuwa na kumbukumbu zao wenyewe na zilihitaji umeme wa kutosha. Lakini mwaka huo huo wa 1999 Intel ilifuata njia nyingine: katika seti yake ya 810, sehemu ya michoro iliwekwa ndani ya vipande vya ubao mama, bila kadi. Haikuwa na nguvu nyingi, ila ilipunguza bei, na kwa barua na mahesabu ilitosha. Kuanzia 2011 Intel na AMD zilikuwa zimekwisha kuunganisha prosesa na michoro katika kipande kimoja cha silikoni. Mtindo huo ndio uliomo katika karibu kila kompyuta ya kupakata ya bei nafuu inayouzwa sasa, na hakuna ubaya wowote ndani yake; bila ya huo, kompyuta hizo zisingekuwa nafuu. Mtindo huo, hata hivyo, una mipaka yake.

Mpaka wa kwanza ni idadi ya vibarua. Chukua prosesa ya Celeron N4000, iliyotolewa na Intel mwishoni mwa 2017 na kutiwa katika kompyuta nyingi za bei ya chini. Sehemu yake ya michoro, iitwayo UHD Graphics 600, ina vitengo 12 vya kukokotoa. Kila kitengo huweza kufanya hesabu 16 katika pigo moja la saa ya prosesa, na saa hiyo hupiga hadi mara milioni 650 kwa sekunde. Zidisha: karibu hesabu bilioni 125 kwa sekunde. Prosesa za daraja la kati za mwaka 2016, zenye michoro ya HD Graphics 620, zina vitengo 24 vinavyoweza kufika mapigo bilioni 1, yaani hesabu bilioni 384. Kadi ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo si ya kifahari hata kidogo miongoni mwa kadi za michezo, hukaribia hesabu trilioni 3.

Bilioni 125 si kitu cha kudharau. Cray-2, mashine iliyotoka mwaka 1985 na kuwa miongoni mwa zenye kasi kuliko zote duniani, ilikuwa na kilele cha hesabu bilioni 1.9 kwa sekunde, ingawa ni haki kusema kwamba hesabu zake zilikuwa za tarakimu nyingi zaidi. Kilichobadilika ni kazi inayoagizwa. Zigawe hesabu bilioni 125 kwa nukta 1,049,088, kisha kwa picha 60, na kila nukta hubakiwa na hesabu zisizofika 2,000 kwa kila picha. Kwenye kioo cha nukta 1920 kwa 1080, ambacho nacho siku hizi hutiwa katika kompyuta dhaifu ili ipendeze dukani, hubaki takriban 1,000. Na hiki ni kilele cha karatasini. Pembetatu, vivuli na nukta zinazopakwa mara mbili au tatu vyote hula humo humo. GTX 1650, kwa kioo hicho kikubwa na kwa mwendo huo huo, ina takriban hesabu 24,000 kwa nukta.

Mpaka wa pili hausemwi sana, nao ndio unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote. Kibarua hapalilii kwa mikono mitupu. Kwa kila nukta anahitaji kusoma picha ya nyasi, picha ya jezi na umbali wa kitu kilichochorwa kabla, na akimaliza lazima aandike jibu. Vyote hivyo vimo katika kumbukumbu. Kadi inayojitegemea ina kumbukumbu yake ubavuni: ile ya GTX 1650 ya 2019 huweza kupitisha baiti bilioni 128 kwa sekunde. Sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Huteka katika kisima kimoja na prosesa kuu, yaani katika RAM ya kompyuta, na kioo nacho huteka humo humo kila kinapohuishwa.

Upana wa mdomo wa kisima hicho waweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote. Kipande cha RAM ya aina ya DDR4-2400 hupitisha mafungu milioni 2,400 kwa sekunde, na kila fungu ni la biti 64, yaani baiti 8. Jumla ni baiti bilioni 19.2 kwa sekunde. Lakini prosesa nyingi zimejengwa na milango miwili ya kumbukumbu, hata Celeron iliyotajwa hapo juu. Vikiwekwa vipande viwili, kila kimoja mlangoni pake, kisima huwa na midomo miwili, na kiasi hupanda hadi bilioni 38.4. Watengenezaji wengi, ili kushusha bei, huweka kipande kimoja tu na kuuacha mlango wa pili mtupu. Mnunuzi haoni tofauti. Katika kuandika barua hataiona kamwe. Katika mchezo, pale vibarua wanaposimama na majembe wakingoja maji, tofauti yaweza kuwa kubwa kuliko ile ya kubadilisha prosesa nzima.

Basi mzazi aliyeshauriwa kununua kompyuta nyingine huenda angetosheka na kipande kimoja cha RAM. Si kwa sababu kumbukumbu nyingi huongeza kasi ya kuchora, kama mafundi wengi wanavyosema, bali kwa sababu ya mlango. Kipande kimoja cha jigabaiti 8 kina wingi ule ule wa vipande viwili vya jigabaiti 4, ila kina nusu ya kasi ya kuteka. Bila shaka wingi nao una mahali pake: kompyuta yenye jigabaiti 4 tu huishiwa nafasi, ikaanza kuhamisha mambo kwenda diski, na hapo picha huganda kwa nusu sekunde nzima.

Hapa pia ndipo ulipo ujanja wa maneno unaopaswa kuangaliwa dukani. Muuzaji husema kompyuta hii ina michoro ya jigabaiti 2, au 4, na kweli Windows ikiulizwa huonyesha tarakimu kama hiyo. Hicho si kitu kilichoongezwa. Windows huiruhusu sehemu ya michoro kuazima hadi nusu ya RAM iliyomo. Tarakimu inayotajwa ni kiwango cha juu cha mkopo, nao hutoka katika mfuko ule ule ambao muuzaji amekwisha kuutaja mara moja.

Mpaka wa tatu ni joto. Prosesa ya N4000 imepangiwa wati 6. Zile za daraja la kati la kompyuta za kupakata, wati 15. Wati hizo ni za fundi na vibarua kwa pamoja. Fundi akizila, vibarua hupunguziwa mwendo. Na kwa kuwa umeme unaotumika hukua kwa mraba wa volti na kwa idadi ya mapigo, nayo mapigo ya kasi huhitaji volti kubwa zaidi, kasi kidogo ya ziada hulipiwa kwa joto jingi. Kipande cha silikoni kikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue. Ndiyo maana mchezo huenda vizuri kwa dakika kumi za kwanza na kisha kuanza kukwama, na hakuna kirusi kilichohusika.

Hewa ya chumba ina sauti katika jambo hili. Joto linaloondoka hulingana takriban na tofauti kati ya nyuzi za chombo na nyuzi za hewa. Katika chumba cha nyuzi 20 tofauti ni 80; Dar es Salaam au Mombasa, katika alasiri ya nyuzi 32, tofauti ni 68. Uwezo wa kupoa umepungua kwa asilimia 15, kabla ya kuhesabu vumbi lililoziba matundu ya feni au blanketi ambalo kompyuta imelazwa juu yake. Kuizuia kompyuta isichore zaidi ya picha 30 kwa sekunde, jambo linaloonekana kama kuididimiza, mara nyingi huufanya mchezo uwe laini zaidi, kwa kuwa chombo hakifikii kikomo cha joto na mwendo hauyumbi.

Tiba nyingine inayojulikana ni kupunguza nukta. Nukta 1280 kwa 720 ni asilimia 44 tu ya zile za 1920 kwa 1080. 960 kwa 540 ni robo yake. Picha hupoteza ukali, na programu kama FSR ya AMD, iliyotolewa 2021, hujaribu kuurudisha kwa kuikuza picha ndogo kwa ustadi. Hata hivyo tiba hii haimfai kila mgonjwa, nalo ni somo zuri la maabara kwa shule yenye kompyuta hata moja. Wanafunzi wauendeshe mchezo ule ule, mahali pale pale, kwa ukubwa mbalimbali wa picha, wakiandika muda wa kila picha kwa milisekunde. Kisha wachore grafu, idadi ya nukta ikiwa kwenye mhimili wa chini. Mara nyingi watapata kitu kinachokaribia mstari ulionyooka ambao haupiti katika sifuri.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, picha ya nukta 1280 kwa 720 yachukua milisekunde 50, na ya 640 kwa 360 yachukua 27.5. Nukta zimepungua mara nne, ila muda haukupungua hata nusu. Ukiuvuta mstari hadi penye nukta sifuri, utakata mhimili katika milisekunde 20. Hizo 20 ni kazi isiyojali ukubwa wa picha: fundi akiamua mlinzi akimbilie wapi, mpira udunde vipi, pembetatu zipangwe namna gani. Hata kioo kikipunguzwa hadi nukta moja, kompyuta hiyo haitavuka picha 50 kwa sekunde. Lakini mwenye kutaka picha 30, yaani milisekunde 33.3, ataona katika grafu kwamba anahitaji takriban nukta 410,000, ambazo ni 854 kwa 480. Amepata jibu bila kubahatisha na bila kununua kitu. Mstari ukitoka karibu mlalo, basi kupunguza nukta ni kazi bure, na vya kupunguza ni watazamaji majukwaani au programu nyingine zilizoachwa wazi nyuma.

Wakati wa kupima, wastani usiaminiwe peke yake. Kompyuta ikichora picha 59 katika nusu sekunde, kisha picha ya 60 ikachukua nusu sekunde nyingine, wastani utasema 60 kwa sekunde, tarakimu ya kujivunia, ilhali mchezaji ameona mgando na amefungwa goli. Picha iliyochelewa kuliko zote huandikwa pamoja na wastani.

Kwamba vikwazo hivi ni vya ujenzi wala si vya laana ya michoro ya ndani kulionekana wazi mwaka 2022, kampuni ya Valve ilipotoa Steam Deck, kompyuta ya kushika mikononi isiyo na kadi ya michoro inayojitegemea. Prosesa yake ilipangiwa kati ya wati 4 na 15. Lakini kioo chake kilipewa nukta 1280 kwa 800 tu, na kumbukumbu yake ilijengwa kupitisha baiti bilioni 88 kwa sekunde. Waliibuni kwa kuanzia kisimani.

Mwenye kompyuta ya kawaida hawezi kuujenga upya ubao wake, ila aweza kuukagua. Katika Windows, ukurasa wa utendaji wa kompyuta, upande wa kumbukumbu, huonyesha nafasi ngapi za RAM zinatumika kati ya ngapi. Ikiandikwa 1 kati ya 2, huenda mlango mmoja umekaa mtupu tangu kiwandani. Tarakimu hiyo pekee haitoshi, maana katika kompyuta nyingi nyembamba RAM imechomelewa ubaoni nayo huweza kuhesabiwa kama nafasi. Kwa hiyo kabla ya fedha kutoka mfukoni, kifuniko cha chini sharti kifunguliwe na nafasi yenyewe ionekane kwa macho.